Nusu ya Pili ya Mji Uliofichika

Jumamosi, tarehe kumi na tisa Julai. Baridi. Mawingu yamekaa juu ya mtaa tangu asubuhi, hayanyeshi wala hayaondoki, na baada ya chakula cha mchana yakaanza manyunyu membamba ambayo mtu wa haki hawezi kuyaita mvua. Nguo nilizoanika jana bado ziko kwenye kamba, mbichi vilevile.

Naandika leo hii kwa sababu kesho nitakuwa nimeanza kuibadilisha habari ili mimi nitoke vizuri. Ninajijua. Na pengine hata leo nitaibadilisha kidogo bila kukusudia, kwa hiyo anayesoma asinihurumie haraka.

Habari yenyewe ni ya ufunguo. Ukumbi wa mtaa wetu hapa Makongeni una chumba kidogo nyuma ya jukwaa, na ndani yake mna kabati la chuma la vitabu ambavyo watu walitoa, meza moja, viti vya plastiki, na dirisha linalotazama reli. Aliyekuwa akilitunza kabati amehamia kwao Kitui. Kundi la wasomaji, ambalo hukutana hapo kila Jumamosi, lilikuwa linatafuta mtu mwingine wa kukaa na ufunguo. Hakuna mshahara. Kuna kufungua mchana, kupanga, kufagia, na mtu akiingia hajui anataka nini, umwambie, "Soma hiki."

Nilikuwa nautaka ufunguo huo vibaya sana. Nieleze kwa nini, maana kwa mtu mwenye sebule litaonekana jambo la kitoto. Sisi tunakaa chumba kimoja na pazia. Mume wangu ni dereva wa lori la mikate, hutoka kabla ya alfajiri na mchana hulala. Mama mkwe wangu anapenda redio, na redio inampenda. Mimi husomea kwenye ngazi karibu na mabomba, na mtu mzima akikaa kwenye ngazi na kitabu kila anayepita humwona hana kazi. "Mama, unasomea mtihani gani?" Mwingine haulizi, ananipa tu mtoto nimshikie. Nikiwa na ufunguo ningesoma kwenye kile kiti cha dirishani, na mtu akinikuta angesema, yuko kazini. Ni hilo tu. Nilitaka kusoma bila kuonekana mvivu.

Kundi liliamua kwamba anayetaka ufunguo asimame mbele ya wenzake apendekeze kitabu, kwa sababu ndiyo kazi yenyewe. Naona waliamua vizuri. Vijana wakaomba ziwe riwaya za miji iliyofichika, zile ambazo mji ni wa kawaida kama huu wetu, wa mabasi na mitaro na watu wanaokimbilia kazi, halafu nyuma ya duka fulani au chini ya daraja kuna mji mwingine wa maajabu ambao wenye mji hawaujui. Niliposikia hivyo moyo ulinidunda. Kitabu ninachokipenda kuliko vyote nilivyowahi kusoma ni cha aina hiyo hiyo. Nikasema moyoni, leo hata mimi nimekumbukwa.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana bila hili la nusu hutaelewa lolote.

Mimi na jirani yangu wa mlango wa pili, ambaye ni fundi wa nguo, tumekuwa tukisoma kwa nusu tangu tulipoolewa mtaa huu. Ni desturi yetu wenyewe, sijaiona kwa wengine. Tunaenda pale wanapotandaza vitabu vya mitumba juu ya magunia kando ya Jogoo Road, tunachagua kinene, tunachanga, tunarudi nacho nyumbani na kukipasua katikati ya mgongo kwa kisu cha jikoni. Yeye anasoma haraka, kwa hiyo huanza na nusu ya kwanza. Akimaliza ananipa, naye anaendelea na ya pili. Hivyo wote wawili tuna kitabu mkononi, na sharti ni moja tu, aliye mbele hamsimulii aliye nyuma. Kwa ajili hiyo tunaitana Nusu. "Nusu, umefika wapi?" "Nusu, niache, kuna mtu anakufa hapa." Kuna mama mmoja wa mabombani aliyedhani kwa muda mrefu kwamba ni jina la ubatizo.

Kitabu cha mji tulikipata hakina jalada, na kurasa za mwanzo hazipo. Juu ya kila ukurasa hapakuwa na jina la kitabu wala la mwandishi, namba tu. Ni cha Kiingereza. Mimi niliishia kidato cha pili, na Kiingereza changu ni cha kusoma polepole na kamusi ya shule pembeni. Nilipokuwa sielewi, na mara nyingi nilikuwa sielewi, sikuwahi kukilaumu kitabu. Nilijilaumu mimi. Hilo likumbukwe.

Nusu ya kwanza inamhusu mwanamke anayefua nguo katika hoteli kubwa ya mji wa baridi. Anakagua mifuko ya wageni kabla ya kufua, kama inavyotakiwa, na kila mara anakuta tiketi za tramu za kwenda kituo ambacho hakipo. Anauliza watu, wanamcheka. Siku moja anaifuata ile reli kwa miguu, anafika kwenye ukuta wa matofali nyuma ya machinjio, na kwenye ukuta kuna mlango na bawabu. Bawabu anamwambia, huku ndani watu hawana vivuli. Ushuru wa kuingia ni kivuli chako, unakivua hapa unaniachia. Mwanamke anasimama. Anakitazama kivuli chake kwenye matofali, jinsi kilivyoinama, mgongo wa mtu aliyefua miaka mingi. Halafu anashika kitasa. Hapo ndipo kisu chetu kilipopita.

Nilingoja nusu ya pili muda mrefu. Ilikuwa msimu wa mvua za masika, miaka kadhaa iliyopita, na kila nikiuliza mwenzangu alikuwa na sababu. "Nusu, nimebanwa na sare za shule." "Nusu, sijafika hata katikati." Mwishowe akaja mlangoni kuniomba nusu ya kwanza. Alisema anataka kuzishona zote mbili zikae pamoja. Akanirudishia kitabu kizima, kimeshonwa kwa uzi wa kahawia wa viatu, kimevalishwa jalada la karatasi ya unga. "Kisome kama kitabu cha watu," akasema. Hakuna mtu aliyewahi kunifanyia kitu kama hicho. Nilikisogeza kile kitabu puani, kikanuka unga.

Nusu ya pili ilinipa shida, lakini shida tamu. Inaanza na mwanamume, fundi wa saa, katika mji ulio chini ya ziwa. Mfua nguo hatajwi tena. Herufi zenyewe zilikuwa ndogo kidogo kuliko za nusu ya kwanza, na namba za kurasa ziliruka. Kuruka nikadhani ni panya. Herufi nikaona ni ufundi, kwamba ukishaingia mji ule hata herufi si zile. Na yule mwanamume nilimkalia kwenye ngazi siku nyingi nikimfikiria, mpaka nikaelewa, au nikadhani nimeelewa. Nikasema, kumbe mtu akivua kivuli anavua na jina, anavua hata umbo lake la kike. Fundi wa saa ndiye mfua nguo. Ndiyo sababu fundi wa saa, kitabu chote, anamtafuta ndugu yake ambaye hakumbuki sura yake. Anajitafuta mwenyewe. Na mwisho anamwona huyo ndugu kwenye dirisha la ghorofani, amekaa anakunja nguo, naye anasimama barabarani chini ya taa na hamwiti. Anaenda zake. Pale kwenye kukunja nguo nililia, na mume wangu akaniuliza kama kuna msiba kwao.

Nilimsimulia mwenzangu nilivyokielewa. Alinisikiliza hadi mwisho, sindano mdomoni. Akasema, "Aisee." Tangu hapo nimekisimulia mara nyingi, kwake na kwa wengine, na kila mara alikuwa akisikiliza hivyo hivyo.

Alhamisi iliyopita tulikuwa mabombani. Yeye alikuwa anakamua shuka.

"Nusu," nikamwambia, "Jumamosi nipendekeze kipi?"

"Wewe ndiye unayejua."

"Kile chetu cha mji?"

Akaishika ile shuka upande wake, mimi nikashika wa pili, tukaikamua pamoja. Maji yakatoka mengi.

"Ukitaka," akasema.

Nimeligeuza neno hilo jioni nzima. "Ukitaka" si uongo. Siwezi kuandika hapa kwamba alinidanganya Alhamisi, kwa sababu hakunidanganya.

Leo basi nilivaa sweta la kanisani. Nilimwambia mama mkwe wangu nikirudi na ufunguo tutachinja kuku, akasema kuku yupi, nikasema wa dukani, akacheka. Ukumbini watu walikuwa wachache kwa sababu ya baridi. Mwenyekiti wetu, mzee karani mstaafu wa reli, alikuwa na koti lake zito. Alikuwepo mwalimu wa sekondari, msichana mpole ambaye amesoma hadi chuo kikuu na hajawahi kutuonyesha kwamba amesoma. Alikuwepo kijana anayeuza vifuniko vya simu, ambaye kila Jumamosi ndiye huchangamsha. Na wengine, na mwenzangu akiwa kiti cha mwisho karibu na dirisha.

"Niaje wasomaji!" kijana akasema. "Mathe leo ametoka na sweta ya harusi. Hii ufunguo ni yake, tuende nyumbani tu."

"Tulia wewe," mwenyekiti akamwambia. "Mama, karibu."

Hapakuwa na mwingine aliyejiandikisha. Nilikuwa peke yangu.

Nilisimama. Nilianza na mifuko ya wageni na zile tiketi, na nilipofika kwa bawabu na vivuli nikaona kijana wa vifuniko ameweka simu chini kifudifudi. Hapo nikapaza sauti. Nikawaambia nusu ya pili ni ngumu, lakini usiogope, mwandishi anakupima. Nikawaeleza habari ya kuvua jina pamoja na kivuli. Nikawaambia ndugu anayetafutwa ni nani. Nilipowafikisha kwenye dirisha la ghorofani, mzee karani alikuwa amevua miwani. Nikasema, "Ndicho ninachowapendekezea. Ukikisoma, hata ukipita pale nyuma ya machinjio utautazama ukuta mara mbili." Sikujua ninasema machinjio yapi, yalinitoka tu. Kwa muda mfupi nilikuwa mtu aliyesoma.

Mwalimu akainua mkono.

"Aunti, samahani. Naomba nikione."

Nikampa. Akafungua mbele, akafungua nyuma, akarudi katikati kwenye mshono. Niliona uso wake ukibadilika, na nasema kweli, ulibadilika kwa huruma, si kwa dharau. Alisita. Angeweza kunyamaza. Lakini alikuwa ameulizwa na macho ya watu wote, na mwalimu akiulizwa hujibu.

"Aunti, hivi ni vitabu viwili. Hiki cha kwanza tulikisoma chuoni. Yule mfua nguo haingii mjini. Nusu nzima iliyobaki anabishana na bawabu mlangoni, mwishowe anaachia kitasa, anarudi hotelini kufua. Ndivyo kinavyoisha. Na hiki kingine sikijui, lakini hata karatasi si moja. Tazameni rangi."

Kikapitishwa mkono kwa mkono. Karatasi za mbele ni za njano, za nyuma zina ukijivu. Ukiwekewa hivyo pembeni pembeni unaona. Kwa nini sikuwahi kuona, sijui. Niliona, nikaipa maana.

"Wee!" kijana akapiga kofi pajani. "Mathe ametupigia movie mbili tiketi moja!"

Wakacheka. Si kicheko kibaya. Kama ingekuwa mwingine amesimama pale, mimi pia ningecheka, na pengine ningecheka kwa nguvu zaidi. Ila nilikuwa mimi.

"Hawa watu wa mitumba, bwana," mwenyekiti akasema, akivaa miwani. "Wanaunganisha chochote na chochote."

"Lakini aliyeshona," mwalimu akasema, "alishona vizuri."

Hapo ndipo nilipoutazama tena ule uzi, niliojua tangu mwanzo ni wa nani. Mtu wa mitumba hana uzi wa kahawia wa viatu, na hafungi fundo kwa kurudi nyuma mara mbili na kulificha ndani. Fundo hilo liko kwenye pindo la gauni langu la kanisani na kwenye suruali mbili za mume wangu. Nikainua macho nikamtazama mwenzangu. Alikuwa anatazama reli. Hakuna gari moshi lililokuwa likipita.

Ningeweza kusema. Hata yeye angeweza kusema. Mtu wa mitumba, ambaye hayupo kujitetea, akabeba lawama yetu wawili, na mimi nikasema, "Asanteni," nikakaa.

Mwenyekiti alikohoa. "Mama, umetusimulia vizuri, tena sana. Lakini sasa, mwenye ufunguo, mtu akija kumuuliza kitabu..." Hakumaliza. Hakuna aliyesema sifai. Niandike hivyo, maana ndivyo ilivyokuwa. Lakini hapakuwa na haja ya kusema.

"Fundi je?" kijana wa vifuniko akauliza. "Si yeye ndiye hutushonea vitabu vikipasuka? Apewe."

Vichwa vyote vikageuka nyuma.

"Mimi sikuja kuomba," mwenzangu akasema.

"Hata rais hakuzaliwa akiomba. Simama, pendekeza!"

"Sikujitayarisha."

"Pendekeza tu mama, ni baridi, tuende."

Alikataa, basi. Mara ya kwanza na ya pili. Nimesema nitaandika kwa haki. Halafu akasimama, amekumbatia mikono ndani ya leso, na sauti yake ilikuwa ndogo hata mwenyekiti akainama mbele.

"Mimi ningependekeza kile kile cha mwenzangu," akasema. "Nusu ya kwanza tu. Kisome mpaka pale anaposhika kitasa, halafu ukifunge. Kinachofuata, kila mtu ataweka chake."

Walipiga makofi. Mwalimu alitikisa kichwa kama mtu aliyeonja kitu kizuri. Na ni kweli, ni neno zuri. Mimi nilichukua kitabu kizima nikazunguka nacho, yeye akachukua maneno machache akafika. Lakini kila mtu ataweka chake, je, si ndivyo nilivyofanya mimi? Niliweka changu. Nilikiweka kwa miaka, kwenye ngazi, na kamusi ya shule. Kwangu kikaitwa kosa, kwake kikaitwa pendekezo. Sijui kama ninaonea mtu ninapoandika hivi. Pengine tofauti ni kwamba yeye alijua anaweka, mimi sikujua.

Mwenyekiti akasema anayekubali ainue mkono.

Nilitazama kabati. Nikafikiria mikono yake, jinsi anavyonyoosha ukurasa uliokunjamana kwa kucha bila kuuchana. Nikafikiria kwamba anasoma haraka, na kumbukumbu yake ni nzuri, na hatachelewa kufungua. Nilitafuta sababu moja ya kweli ya kutoinua mkono, isiyokuwa maumivu yangu, nikaikosa. Nikainua. Kijana akasema, "Ona mathe, roho safi." Haikuwa safi. Ilikuwa sawa tu.

Alinikuta nje, chini ya ukingo wa paa, manyunyu yakiingia pembeni. Ufunguo ulikuwa na kipande cha utepe mwekundu, akauweka ndani ya leso kana kwamba unaona baridi.

"Nusu."

Nilikaza vifungo vya sweta.

"Ilinyeshewa," akasema. "Ile nusu yangu. Bati letu lilivuja usiku wa ile mvua kubwa, na ilikuwa chini ya cherehani. Asubuhi ilikuwa uji. Sikuwa nimefika mbali. Hata mimi sikujua inavyoisha mpaka leo."

"Ungeniambia."

"Tulichanga wote. Nilienda kwenye magunia kutafuta kama hiyo, nikakosa. Nikapata nusu ya kingine, nacho kina mji. Nikasema, hatajua." Akafuta manyunyu usoni. "Sikusema kwa ubaya kwamba hutajua. Nilidhani utajua siku hiyo hiyo, uje unicheke. Ukaja unalia."

"Halafu?"

"Halafu ukanisimulia. Ningesema nini, Nusu? Ilikuwa nzuri. Mimi niliishona, na uliponisimulia hata mimi nikaona ni kitabu kimoja."

Niliamini. Bado naamini. Watu hufanya jambo dogo la aibu, halafu linakaa nyumbani mwao na kuota miguu. Ningeweza kusamehe nusu iliyonyeshewa pale pale chini ya paa.

"Na Alhamisi?" nikamwuliza. "Nilipokuuliza, mabombani?"

Gari moshi lilikuwa linakuja sasa, la mizigo, refu, na tulisubiri lipite kama tunavyosubiri siku zote kwa sababu hakuna maneno yanayosikika.

"Nilidhani hakuna mtu pale aliyekisoma," akasema.

Kwa hiyo alikuwa amelifikiria. Alikamua shuka nami, akalifikiria, akapima, akaona nitapita. Huenda hivyo ndivyo mtu mzuri hufanya. Huenda hakutaka kuninyang'anya mji wangu kabla ya siku yangu. Nimejaribu kuiandika kwa upande wake na inaandikika vizuri, hata inaelekea kuwa kweli. Lakini aliniacha nisimame mbele ya watu na kitu alichojua kimeshonwa, na kiliposhonoka akatazama reli.

"Utakuja Jumatatu?" akaniuliza. "Kile kiti cha dirishani nitakuwekea. Hakuna atakayekikalia."

Nikamwambia nitaona. Kiti ni kile kile, dirisha ni lile lile, vitabu ni vile vile. Akiniwekea, nitakuwa nimepata karibu kila nilichotaka. Ila mtu akinikuta nimekaa hapo hatasema yuko kazini. Atasema, amekuja kwa rafiki yake.

Mwalimu aliniwahi njiani, akiwa ameshika kitabu changu. Nilikuwa nimekiacha mezani. Akaniambia ana kile kizima, cha mfua nguo, nikitaka ataniletea. Nilimshukuru, nikasema sitaki kwa sasa. Sijamkasirikia. Kama si yeye ningekuwa na ufunguo na uongo, na siku moja mtu angeingia akauliza.

Na ikiwa kesho mtu ataniuliza, ingawa sasa sina cheo cha kuulizwa, nimpendekezee riwaya ya mji uliofichika, nitamwambia nini? Nimefikiria nikiwa nachambua ndengu. Nitamwambia atafute ile ambayo mwanamke anafika mlangoni. Nitamwambia mwisho wa kweli ni kwamba anarudi kufua, na ni mwisho mzuri, mfupi, wa mtu anayejua maisha. Sitamwambia kuhusu fundi wa saa. Mji ule hauuzwi popote sasa, hata mwandishi wake hayupo, maana hakuna aliyeuandika wote. Uko kwenye jalada la karatasi ya unga chini ya godoro langu. Nilichukua wembe nikate ule uzi, nikaona utakatika vibaya, nikaacha. Amekaza sana.

Jioni, mtoto wa mwenzangu alipiga hodi na sahani ya chapati imefunikwa kitambaa. Mama mkwe wangu akapokea kabla sijainuka. "Za nini hizi?" akauliza. "Mama amepewa ufunguo," mtoto akasema. Mama mkwe wangu akanitazama mimi, akamtazama mtoto, akasema, "Mwambie hongera." Baadaye nikasikia nje, kwenye mabomba, ile sauti ninayoijua. "Nusu! Nusu, maji yamerudi, lete mtungi!" Mtungi wetu ulikuwa mtupu. Nilikaa mpaka akaacha kuita, halafu mume wangu akaenda kuteka yeye.

Tulikula ndengu zangu na chapati zake. Mume wangu alikula tatu, mama mkwe mbili, redio ikiwa chini kidogo kwa ajili yangu. Mimi nilikula moja. Zilikuwa laini, zimekunjwa vizuri, zinaachana tabaka kwa tabaka.